Fundo la tatu kutoka kwenye pete: siku moja kazini katika kituo cha sanaa

Saa 2:00 asubuhi

Naingia kabla taa hazijawashwa. Mimi ni mhudumu wa kumbi katika kituo cha sanaa za kisasa. Wengi hutuita walinzi na sikatai, ila kulinda ni nusu tu ya kazi. Napita na tochi na daftari la ukaguzi, nikilinganisha kila kazi na picha zake zilizopigwa siku ilipofika: natafuta ufa, vumbi, mdudu, kona iliyoanza kuinuka. Kisha nasoma kipimo cha unyevu wa hewa. Tunapenda kibaki karibu na asilimia 50, kwa sababu karatasi na mbao hunywa unyevu zikavimba, zikikauka husinyaa, na ni huko kuvimba na kusinyaa kila mara kunakopasua rangi.

Saa 3:15

Nawasha projekta za chumba cha video. Moja ni nzito kuamka, naisubiri.

Saa 4:00

Milango inafunguliwa. Mabegi makubwa yanaachwa mapokezi, anayetaka kuchora anapewa penseli badala ya kalamu ya wino. Wageni wa kwanza hupita haraka: lebo, picha ya simu, kazi inayofuata. Siwalaumu, maana hakuna aliyewaambia kwamba benchi lile limewekwa wakalie. Kwa hiyo huwa nawaambia. Ukimwona mtu anakaa, anavuta pumzi, halafu anainamisha kichwa upande kidogo, ujue kazi imeanza kusema naye.

Swali la kila siku katika chumba cha michoro ya karatasi: "Mbona mmefifisha taa?" Mwanga wa chumba kile hauzidi laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), kiasi cha kutosha jicho likizoea. Mwanga hauna msamaha. Ulichokwisha kula kwenye karatasi hakirudi, hata ukiifungia gizani miaka kumi. Ndiyo maana michoro ikishaonyeshwa miezi michache hurudishwa ghalani ipumzike.

Saa 5:30

Wanafunzi. Mmoja anasimama mbele ya ndoo tatu zilizopangwa sakafuni na kutamka kile ambacho watu wazima hukimeza: "Hata mimi naweza." Nikawasimulia habari ya msanii Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1917 alipeleka bakuli la kukojolea kwenye maonyesho huko New York, likiwa na saini ya jina la kubuni, "R. Mutt". Halikuonyeshwa, na lile la kwanza likapotea. Yaliyomo makumbusho leo ni nakala zilizotengenezwa baadaye kwa idhini yake. Binti mmoja akauliza, "Sasa kama siyo lenyewe, wanakwenda kutazama nini?" Mwalimu alitaka kujibu, nikamwomba kwa macho asijibu. Walibishana hadi mlangoni, na sauti zao zilinifurahisha kuliko ukimya wowote.

Saa 8:20 mchana

Hapa ndipo siku ilipogeuka.

Mzee mmoja aliingia na mjukuu wake. Lebo hakuisoma. Alikwenda moja kwa moja kwenye kazi inayofunika ukuta mzima, ya nyavu kuukuu za nailoni zilizoungwa pamoja na vipande vya plastiki, akasimama karibu dakika ishirini. Kisha mkono wake ukainuka.

"Shikamoo mzee. Samahani, tunaomba isiguswe."

"Marahaba mwanangu. Siigusi, nakuonyesha tu. Aliyefunga hapa siye aliyefunga kule. Hii ni mikono miwili." Akasogeza kidole hewani. "Na fundo lile, la tatu kutoka kwenye pete, linaachia. Nailoni inateleza. Ukiifunga mara moja, hairidhiki."

Nimepita mbele ya fundo hilo kila asubuhi kwa miezi miwili.

Nikamwita kwa redio mhifadhi wetu, fundi anayetunza kazi za sanaa. Akaja na ngazi, taa ya kichwani na glovu za naitrili, akapanda, akanyamaza, halafu akasema ni kweli: mkia wa uzi ulikuwa umerudi ndani, na safu yote ya chini ilikuwa imelemea mafundo ya jirani. Mzee alishangaa kuona halikazwi palepale. Wapo wasanii kama El Anatsui wa Ghana, anayeunganisha vifuniko vya chupa kwa waya wa shaba na kuwaachia wanaotundika waamue mikunjo. Huyu wetu alituma mchoro wenye nafasi ya kila ndoano, hivyo mhifadhi aliishikiza safu kwa uzi wa muda, akapiga picha, na msanii ataandikiwa ili aseme mwenyewe fundo lifungweje.

Mzee alikuwa bado anatazama. "Wavu wa kazini macho yake lazima yalingane, la sivyo samaki wanatoka. Huyu kayaacha makubwa kwa madogo, na anajua kufunga, kwa hiyo si bahati mbaya. Nataka kujua kwa nini."

Nimesoma maelezo mengi juu ya kazi ile, marefu na ya kitaalamu. Hakuna lililonifanya niitazame upya kama swali hilo. Tunahangaika sana kuwafafanulia watu sanaa ya kisasa, na wakati mwingine anayeijua nyenzo yake kwa vidole anaingia mlangoni na hatumuulizi kitu.

Saa 11:30 jioni

Natangaza kufunga, nazunguka kumbi. Chumba cha video kila siku kina mtu mmoja anayeomba amalizie. Namwachia amalizie.

Fomu ya hitilafu ina mstari wa aliyegundua, na kwa kawaida huwa ni sisi wa ndani. Nimeandika jina la mzee, na mbele yake: fundi wa nyavu.

Kabla ya kutoka nilirudi kwenye ukuta ule na tochi yangu, nikaitafuta ile mikono miwili. Wa kwanza niliuona upesi. Wa pili ulinichukua muda mrefu.