Jinsi Nilivyokifuata Kijito cha Düssel Hadi Mto Rhine

Kijito cha Düssel, ambacho ndicho kilichoupa jina mji wa Düsseldorf nchini Ujerumani, kina urefu wa kilomita 40 hivi tu, lakini kukifuata kwa miguu tangu kwenye chemchemi yake hadi Rhine kulinichukua Jumapili nne.

Siku ya kwanza nilianzia Blomrath, karibu na Wülfrath, ambako maji hupita katikati ya malisho, na mtoto angeweza kuyaruka.

Siku ya pili ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Kutoka kijiji cha Gruiten-Dorf, chenye nyumba za kale ambazo maboriti yake meusi huonekana ukutani, njia inafuata maji msituni, inapita kinu cha zamani cha Winkelsmühle, kisha inaingia Neandertal. Bonde hilo lina jina la Joachim Neander, mtunzi wa nyimbo za kanisa wa karne ya 17, aliyelipenda lilipokuwa bado korongo jembamba lenye kuta za mawe ya chokaa. Kuta hizo zilivunjwa na wachimbaji wa chokaa katika karne ya 19, na ni wao walioikuta, mwaka 1856, katika pango la Feldhofer, mifupa ambayo mwalimu Johann Carl Fuhlrott aliitambua kuwa ya binadamu wa kale. Nilikaa pale kwa muda mrefu, kwa maana sururu iliyotuletea habari za watu wale ndiyo iliyoliondoa pango lao.

Siku ya tatu nilipotea. Baada ya Erkrath, Düssel hugawanyika kuwa tawi la kaskazini na la kusini, na kila moja hugawanyika tena, hata maji yakaufikia Rhine kwa midomo minne. Nami nilijikuta kando ya Brückerbach, mojawapo ya matawi hayo, mbali na mji wa kale niliokusudia kufika.

Kabla ya Jumapili ya nne nilichukua ramani ya karatasi, nikalipaka kila tawi rangi yake, nikachagua la kaskazini. Lilinipitisha katika bustani za Zoopark na Hofgarten, na kila lilipozama chini ya barabara nilitafuta kwanza kwenye ramani mahali linapoibukia, ndipo nikavuka. Karibu na uwanja wa Burgplatz, kando ya sanamu ya kumbukumbu ya mwaka 1288, Düsseldorf ilipopewa hadhi ya mji, niliyaona maji kwa mara ya mwisho yakiingia gizani. Nilitembea juu yake hatua chache, nikafika ukingoni mwa Rhine.