Baada ya Tororo, nimeonja Sipi

Sisi watu wa Tororo, mashariki mwa Uganda, tumelizoea lile jabali letu mpaka hatulioni tena. Ni mabaki ya volkano ya kale, lina urefu wa karibu mita 1,480 kutoka usawa wa bahari, na penye ukuta mkali kuna ngazi. Hewa ikiwa safi, Kenya unaiona kwa macho. Pazuri, lakini kulipanda bado ni kwa mguu tu.

Kupanda miamba kwa kamba kule Sipi ni habari nyingine, jamani! Kule Kapchorwa, ubavuni mwa Mlima Elgon, unafungwa mkanda kiunoni, kamba inapita kwenye vyuma vilivyopigiliwa mwambani, kisha kazi kwako. Katikati miguu ikaanza kunitetemeka kama cherehani. Kaka aliyeshika kamba chini akapaza sauti: "Dada, sukuma kwa miguu, mikono itakuishia!" Kweli, vidole vilishakufa ganzi.

Mawe ya Nyero, kule Kumi, yanatamanisha kuparamiwa, ila yana michoro ya kale. Pale shika kamera tu, tafadhali. Kilele cha Margherita, kwenye milima ya Rwenzori, mita 5,109 na barafu juu yake, nawaachia wenye mapafu.

Desemba narudi Sipi. Nani twende?