Soya ya kituoni

Jirani anakaanga soya tangu asubuhi. Harufu imepenya dirishani, ile ya karanga zinazokaribia kuungua, na mimi nimeacha chai ipoe.

Kituo chetu cha kulelea watoto wadogo kiko Kilolo, mkoani Iringa: chumba cha kanisa, watoto 42, walezi wawili. Ilikuwa mwezi wa saba 2023. Kila mkutano takwimu za udumavu, yaani watoto walio wafupi kuliko umri wao, zilisomwa, Iringa asilimia 56.9, kubwa kuliko mikoa yote, sisi tunaopakia mahindi kwenye malori kila msimu. Tukagawana kazi ya uji wa lishe wa watoto. Kila mzazi sado moja ya mahindi kwa muhula. Kikundi cha wakulima, soya. Mwenye mashine atasaga bure tukimpelekea dizeli. Kanisa, chumba na kuni. Mimi nikapewa daftari, na katika daftari hilo nilichora safu ya nani katoa nini, kwa wino wa bluu na rula.

Sado tatu za mahindi kwa moja ya soya, hapo hatukukosea. Wala hatukurundika ulezi, ngano na mchele humo humo kama wengi wafanyavyo wakidhani wingi wa nafaka ndiyo lishe. Tulichokosa ni moto. Soya huchemshwa kwanza: maji yatokote, uitumbukize, uhesabu nusu saa tangu yatokote tena, uifikiche maganda, uianike, ndipo uikaange. Mbichi ina vitu vinavyolizuia tumbo kumeng'enya protini, na joto ndilo linaloviharibu. Kikundi kilileta soya jioni kikijua kamati itachemsha. Kamati ilijua kikundi kimeshachemsha. Asubuhi gunia likapanda bodaboda kwenda mashineni, na soya ikishasagwa pamoja na mahindi huwezi kutambua kwa macho kama ni mbichi.

Kwa pua, unaweza. Saa tatu ukungu ulikuwa bado umekaa juu ya bati. Sufuria lilikuwa na lita 14 za maji na kilo moja na nusu ya unga, kuni za paini zimelowa, zinafuka tu. Uji ulipoanza kutokota mpishi akainua mwiko, akanusa, akaniangalia. Ulinuka maharage mabichi, kama ganda ulilolipasua kwa kidole shambani. Akasema, "Unanuka ubichi huu." Nikamwambia aongeze sukari.

Dakika kumi baadaye ukaepuliwa, maana watoto walikuwa wanalia njaa na baridi. Vikombe vya plastiki, vyekundu na kijani, vikapangwa kwenye benchi. Kuna mtoto mmoja, mfupi kuliko wote, aliyeshika chake kwa mikono miwili bila kunywa, anapasha vidole. Huyo ndiye hakuumwa.

Kabla ya saa sita choo cha tundu moja kilikuwa na foleni. Wengine hawakuifikia. Walezi walichota maji, wakafua, wakapasha mengine. Mhudumu wa afya wa kijiji alikuja na ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji kwa anayeharisha, na kufikia jioni wote walikuwa wanacheza. Bibi wa mmoja wao alikuja bila hata "kamwene", salamu yetu ya Kihehe, akachukua kikombe kilichobaki, akakinusa.

"Mwanangu, nguruwe wangu siwapi soya mbichi. Wanaharisha, hawanenepi. Nyie mnawapa watoto?"

"Samahani, bibi."

"Samahani ya nini? Nani alikuwa na zamu?"

Nikafungua daftari. Majina yote yalikuwepo, na sado zao.

Unga ule tuliwapa hao hao nguruwe, baada ya kuupika upya saa nzima. Soya iliyofuata ilichemshwa, ikaanikwa kwenye turubai, ikachukua siku nne kukauka kwa sababu ya ukungu; ingewahishwa kutiwa guniani ingeota uvundo. Ikakaangwa mpaka ikitafunwa inavunjika bila kunata kwenye meno. Karanga tukaacha kupeleka mashineni: unga wenye karanga huchacha upesi, kwa hiyo zinatwangwa siku ya kupika.

Kwenye daftari nikaongeza safu, "amechemsha nani". Jina lililojaa humo muhula mzima ni moja, la yule bibi. Kwenye safu ya michango hana hata kisado.