Nimeingiza sauti nikiwa hapahapa Kibirizi

Miaka mitatu niliambiwa jambo moja: ukitaka kazi ya sauti, hamia Dar, na hiyo lafudhi ya Kiha uifute. Sikuhama. Niko Kibirizi, Kigoma, nachekesha kwa klipu fupi, naingiza sauti kwenye matangazo na tamthilia, na kodi ya chumba inatoka humohumo.

Hamu ilinishika mwaka 2011, TBC walipoonyesha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili. Wenzangu walifuata ugomvi wa mkwe na mama wakwe. Mimi nilikodolea midomo.

Ushauri ulioniumiza kuliko yote ni wa trei za mayai. Fundi mmoja wa studio aliniapia kuwa nikizibandika ukutani, kelele za nje haziingii. Nikazunguka Mwanga, hapa mjini Kigoma, wiki nzima kwa wauza chipsi, nyingine nikaomba, nyingine nikanunua, zikafika kama mia hivi. Nikazigandisha kwa gundi ya mbao mpaka darini. Siku ya kurekodi navaa hedifoni: jogoo wa jirani yumo, bodaboda imo, mtoto anayelilia uji yumo. Trei ni karatasi jamani, karatasi izuie bodaboda kwa nguvu gani? Halafu panya wakaja kufuata harufu. Nilizing'oa zote nikazichoma.

Kilichonifaa ni mablanketi mazito, moja nyuma yangu, jingine nyuma ya maikrofoni, na godoro mlangoni. Hayo yanameza mwangwi. Kelele za nje nilizishinda kwa kuangalia mwezi. Huku kwetu kinachosumbua zaidi ni injini za mitumbwi ya dagaa, jioni zikitoka, alfajiri zikirudi. Lakini dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka sana taa haivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Usiku huo ni wangu. Mzee jirani, mvuvi, hupita kuniambia, "Mwanangu, leo hatuingii ziwani, piga kazi." Mteja akinipigia simu, kabla ya bei nahesabu siku za mwezi. Mvua ikianza kupiga bati, zima kila kitu ulale.

Soksi ndefu ya kike iliyovutwa kwenye waya wa henga, mbele ya maikrofoni, inatosha kuzuia upepo wa "p" na "b". Usinunue kingine.

Kazi yenyewe ngumu ni urefu wa Kiswahili. Kuna mstari ulinikesha: "Nitakuja kukuona kesho asubuhi." Mwigizaji ameshafunga mdomo, mimi bado niko kwenye "kukuona". Nikajaribu kukimbiza maneno, yakasikika kama mnada. Karibu na alfajiri nikaona midomo yake inakutana mwishoni kabisa, nikasema, "Mpaka asubuhi, mama." Ile "m" ikatua palepale. Niliruka peke yangu chumbani.

Na lafudhi? Mchekeshaji King Majuto alikuwa mtu wa Tanga, na nchi nzima ilicheka naye mpaka alipofariki mwaka 2018. Tangazo langu la kwanza la pesa ya maana walitaka sauti ya bibi wa sokoni. Nikaigiza mikato yote ya bibi yangu mzaa mama, wa Kasulu. Lilipotoka redioni nikamwongezea sauti asikie. Akatulia, akasikiliza hadi mwisho.

"Huyu mama ni wa kwetu," akasema. "Ni wa ukoo gani?"