Achia tumbo, mama

Hivyo tu alivyosema. Tangu Jumanne maneno hayo yananifuata mpaka kwenye cherehani. Kijana wa kumzaa kabisa, kanipa shikamoo yangu vizuri, kanizungushia tepu, halafu: "Achia tumbo, mama." Wala sikujua kama nimelibana!

Kazi yangu mnaijua. Miaka 19 nashona nguo na kupima viuno pale Mwanjelwa, Mbeya. Mteja akivuta pumzi namwona, nanyamaza, namwachia akiba ya inchi mbili kwenye mshono. Sasa nimeonwa mimi, tena mbele ya foleni ya upimaji wa afya wa bure, na nusu ya foleni nimewashonea.

Nikambishia. "Mwanangu, kiuno siyo hapo. Kiko juu, penye mkato."

Akacheka. Akatafuta kwa kidole ubavu wa mwisho, akatafuta mfupa wa nyonga, tepu akaiweka katikati. "Wewe unataka gauni likae, mama. Mimi nataka kujua mafuta yaliyozunguka ini na utumbo. Mzani hauyaonyeshi yamekaa wapi. Toa pumzi, kawaida tu."

Nikatoa. Sentimita 93.

Nikafurahi, mia sijafika! Kumbe kwa mwanamke ikipita 80 hatari imeshaanza kupanda, na ikizidi 88 ndiyo kubwa: sukari, presha, moyo. Nikapiga hesabu ya inchi, 36 na nusu na ushee. Kwenye daftari langu nimejiandika 34 tangu Neema yuko chekechea. (Neema kaenda JKT, tumemsindikiza stendi Jumatano. Nililia, ndiyo.)

Namba ningeimeza. Ila lile "achia"!

Jana usiku, baridi hii ya Juni mnaijua, Baba Neema karudi kutoka Tunduma, anakota jiko na koti lake. Nikamwambia simama.

"Mimi navaa 34," akajidai. Kweli anavaa, suruali za mtumba za soko la Sido, mkanda unapita chini ya kitambi, miguu kama ya korongo. Nikatafuta ubavu, nikatafuta nyonga. Nikamsikia anavuta pumzi.

"Achia tumbo, baba."

Tulicheka mpaka babu chumba cha pili akakohoa. Nikainamisha taa nisome. 104. Kwa wanaume mpaka wa hatari kubwa ni 102.

"Ngapi?"

"98," nikasema.

Sijui ilinitokaje. Mazoea ya akiba, labda. Hata hiyo 98 siyo nzuri, wao wanaanza kuhesabiwa ikipita 94, lakini yeye hajui, akafunga koti akaomba chai, na sukari nikamtilia vijiko vitatu kama siku zote. Asubuhi kaondoka kabla sijaamka.

Halafu kuna gauni la mama mmoja wa Tukuyu, bado limening'inia. Limeisha tangu Pasaka, kalipa nusu, simu yake haipatikani. Nimeuliza watu wa gari za huko, hakuna anayemjua.