Siku moja na kisanduku kilichokataa kumtambua mtumiaji wake

Nikiwaambia watu kwamba kazi yangu ni kompyuta, wananiletea simu iliyopasuka skrini. Kompyuta ninazoshughulikia hazina skrini wala kibodi. Ni visanduku vinavyofungwa ukutani kwenye nyumba za pampu, na ndani yake kuna Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta, iliyopunguzwa mpaka ikabaki ile ya lazima tu. Vinapima kina cha maji na kutuma vipimo kwa mwenye shamba. Hii hapa siku yangu ya jana.

Saa 11 alfajiri. Chai, mandazi, mkoba: laptopu, waya wa siriali, flashi mbili, bisibisi. Saa 12 na nusu niko Kondele, hapa Kisumu, natafuta matatu ya Ahero.

Saa 2. Betri ya mteja mmoja imechoka, nimebadilisha. Laini ya simu ya mwingine imeishiwa data, nimeweka.

Saa 3. Shamba la mpunga nje ya Ahero. Mwenye shamba alikuwa ananisubiri mlangoni pa nyumba ya pampu.

"Karibu fundi. Hii ni paswadi tu. Nimeibadilisha mara kadhaa, inakataa. Wewe ifomati tuendelee na kazi."

"Shikamoo mzee. Nipe nafasi kwanza niangalie inalia nini."

Usiku wa kuamkia jana kisanduku kilipokea toleo jipya la programu, na tangu hapo huduma ya kutuma vipimo ikagoma kuwaka. Huduma hiyo huanza na mamlaka ya root, mtumiaji mkuu anayeruhusiwa kila kitu, kisha hujishusha iwe mtumiaji mdogo anayeitwa pampu, ili ikivamiwa isiharibu kila kitu. Sasa ilikuwa inasema mtumiaji pampu hayupo. Paswadi haingii hapo kabisa. Keneli, yaani kiini cha Linux, haijui majina, inajua namba, na huduma ilitaka tu kuambiwa pampu ni namba ngapi.

Nikafungua /etc/passwd, faili yenye orodha ya watumiaji. Mstari wa pampu upo, na sehemu zake zote saba zimetenganishwa na nukta mbili vizuri. Nikatafuta ile herufi isiyoonekana inayobaki mwisho wa mstari faili ikihaririwa kwenye Windows. Haipo. Ruhusa ni 644, kila mtu anaweza kusoma. Nikaandika id pampu, amri ya kuuliza namba ya mtumiaji, ikajibu papo hapo: 1001.

"Si umeona? Yupo!" mzee akasema. "Fomati."

Hapa ndipo siku nyingi za mafundi hupotelea. Amri ya id kwenye visanduku hivi hutoka BusyBox, programu moja ndogo yenye amri nyingi ndani yake, na BusyBox inaweza kujengwa ikiwa na njia yake yenyewe ya kusoma /etc/passwd. Ile huduma inategemea glibc, maktaba kuu ya Linux (maktaba ni msimbo ulio tayari ambao programu huazima), na glibc hupita njia ndefu. Huangalia /etc/nsswitch.conf ijue iulize wapi. Ikikuta neno files, hupakia maktaba iitwayo libnss_files.so.2, na maktaba hiyo ndiyo hufungua /etc/passwd. Ni kama kwa chifu: jina lako limo daftarini, lakini karani mwenye ufunguo wa kabati hajafika. Kwa hiyo jibu la id halithibitishi chochote kuhusu huduma. Id na huduma zimeuliza watu wawili tofauti.

Nilimshuku karani, yaani ile maktaba, lakini sibadilishi kitu kwa kushuku. Kwenye flashi nina strace, chombo kinachoonyesha kila faili programu inayofungua, iliyojengwa isitegemee maktaba yoyote. Nikaiendesha huduma chini yake na kusoma mstari kwa mstari. Imefungua nsswitch.conf, sawa. Imetafuta libnss_files.so.2 ndani ya /lib, haipo. Ndani ya /usr/lib, haipo. Kisha ikakata tamaa na kutoa lile lalamiko. Katika ukurasa wote ule /etc/passwd haikuguswa hata mara moja.

Sababu yake naijua vizuri. Waliojenga toleo hili walitaka kubana nafasi, wakabakisha maktaba zinazotajwa na amri ya ldd peke yake. Lakini ldd huorodhesha zile ambazo programu inazidai tangu inapoanza, na libnss_files huitwa baadaye, programu ikiwa tayari inakimbia. Kuanzia glibc 2.34 ya mwaka 2021 kazi hiyo iko ndani ya libc yenyewe, faili kuu ya glibc. Hapa tulikuwa na 2.31. Kufomati kungerudisha toleo lilelile na tatizo lilelile.

Nikawapigia waliolijenga wanitumie faili moja, ya glibc ileile na ya prosesa ileile, maana ya toleo lingine haikubali. Wakasema dakika chache. Mtandao pale ukawa unakuja na kuondoka, stima nayo ikapotea, laptopu ikaanza kulia njaa. Mzee alikuwa anazunguka nyumba ya pampu, akirudi ananiambia mpunga hausubiri, na ana haki, kwa sababu bila vipimo mhudumu wake analazimika kwenda kwenye mfereji kila mara kuangalia maji kwa macho. Jua la tambarare za Kano likashuka juu ya mabati. Nilikula ugali na omena alizoniletea mama anayepikia vibarua, nikashukuru sana, nikarudi kukaa sakafuni.

Sijui ilikuwa saa ngapi faili ilipoingia. Mfumo mkuu wa kisanduku ni wa kusoma tu, hauandikiki, kwa hiyo faili nikaiweka kwenye folda ya muda, /tmp, nikaielekeza huduma huko kwa LD_LIBRARY_PATH, mpangilio unaoiambia programu itafute maktaba wapi, nikaiwasha. Ikawaka. Kipimo cha kwanza kikaingia kwenye simu ya mzee akiwa ameishika.

"Siku nzima kwa faili moja, fundi?"

"Ndiyo mzee. Na hii ni ya muda. /tmp iko kwenye kumbukumbu, kisanduku kikizimika inafutika. Usikizime mpaka nikutumie toleo zima."

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kisumu nilifika giza limeingia, mgongo unauma. Toleo lililorekebishwa lilikuwa limeshatumwa, nikaliweka kwenye kisanduku cha majaribio. Safari hii nilitumia amri ya getent passwd pampu badala ya id, kwa sababu getent hupita njia ileile ya glibc. Ikaleta mstari wote. Nimewataka wajenzi wakiweke kipimo hicho kwenye majaribio yao ya kila toleo, na kisipopita toleo lisitoke.

Saa 4 usiku nikakitumia kisanduku cha mzee toleo jipya, kikajiwasha upya, huduma ikaanza kama 1001. Vingine vilivyopokea lile bovu nimeviorodhesha, na cha kwanza kiko Muhoroni. Naanza nacho kesho.