Mita ya mafuta iliyonirudia

Mita ya tatu niliyouza, kifaa nilichounda cha kuonyesha gari linakunywa mafuta kiasi gani, ilirudi baada ya siku nne. Mwenye nayo alikuwa mzee wa teksi, Corolla 110, injini ya 5A. "Fundi, kifaa chako kitanipandisha presha. Nikikaa foleni Ubungo kinasema nakunywa wese kama lori."

Ndani mlikuwa na chipu ya ATmega328 inayopiga hesabu, kioo cha mistari miwili na waya nne: umeme wa swichi, earthi, sensa ya spidi, na waya wa nozeli (kifaa cha umeme kinachopulizia injini mafuta), upande ambao kontroli boksi huupeleka earthi ili nozeli ifunguke. Huo wa mwisho usiiguse chipu. Koili ya nozeli ikikatiwa umeme hurusha volti 60 na zaidi. Niliupitisha kwenye optokapla ya PC817, inayopitisha ishara kwa mwanga bila waya kugusana, na rezista ya kilo-omu 1, halafu diodi ya 1N4148 ikalala kinyume sambamba na taa ya ndani. Bila diodi hiyo optokapla nayo huungua. Spidi ilikuwa rahisi: mizunguko 637 ya sensa kwa kilomita mara mapigo 4 kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita.

Kosa lilikuwa kwenye hesabu: mita hujua mafuta kwa kujumlisha muda ambao nozeli inapewa umeme. Kifaa nilikipimia barabara ya Chalinze, tangi limejazwa kwenda na kurudi, nozeli ikipewa umeme kama milisekunde 6 kila pigo. Lakini nozeli haifunguki mara tu inapopata umeme. Milisekunde 1 hivi hupita sindano haijanyanyuka, na mimi niliihesabu kama mafuta. Barabarani ni moja kati ya sita, na kwa kuwa nililinganisha mita na mafuta ya kujaza tangi, kosa likajificha. Foleni, mguu haujakanyaga, pigo zima ni milisekunde 2.5, na moja kati yake haitoi mafuta. Mita ikazidisha kwa zaidi ya theluthi. Mzee alikuwa sahihi.

Nikaiondoa milisekunde hiyo kwenye kila pigo, nikapima upya kwa matangi mawili. Bado usiku ilipotoka kidogo: taa na feni zikiwaka volti hushuka, na nozeli huchelewa zaidi kufunguka. Nikaongeza rezista mbili, kilo-omu 33 na 10, chipu isome volti za betri na kubadilisha makato yenyewe.

Wiki iliyofuata mzee alimleta mwenzake mwenye Corona ya kabureta. Hela yake nikairudisha mfukoni mwake: haina nozeli ya kuhesabu.